Mary Slessor, Mpatanishi wa Okoyong

1. Watu wawili wa Aberdeen

Katika mwaka 1876 watu wawili wa Uskoti waliiaga nchi yao wakaja Afrika. Wote wawili walitoka katika jimbo la Aberdeen, na umri wao ulipitana kwa mwaka mmoja tu. Wa kwanza alikuwa fundi Alexander Mackay, ambaye habari zake zajulikana na watu wengi wakaao kando ya Ziwa Nyanza. Yeye alifika Kageyi katika pwani ya Usukuma mwaka 1878, akavuka ziwa kwenda Uganda, na mwisho akafa kwa homa huko Usambiro, kusini ya ziwa, mwaka 1890. Wa pili alikuwa mwanamke, jina lake Mary Slessor. Yeye hakuja upande wa Nyanza. Alikwenda Afrika ya Magharibi, katika nchi ya Calabar, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Mackay alijulikana kwa kazi ya chuma na mbao na uchapaji. Kazi ya Mary Slessor ilikuwa nyingine, ngumu kuliko kufua chuma: alisimama kati ya watu wenye silaha, akawazuia wasiuane.

2. Utoto wa taabu

Mary alizaliwa tarehe 2 Desemba 1848. Baba yake alikuwa mshona viatu, na mama yake alikuwa mfumaji wa nguo. Watoto wao walikuwa saba, naye Mary alikuwa wa pili. Baba alikuwa na ugonjwa mmoja uliowaangamiza wengi katika miji ya Ulaya siku zile, nao ni ulevi. Mshahara wake uliishia katika nyumba za pombe. Kazi ikampotea, na jamaa yote wakahamia mji wa Dundee, mji wa viwanda vya kusokota na kufuma.

Siku ya Jumamosi, siku ya kupokea mshahara, ilikuwa siku ya hofu katika nyumba ile. Mama na Mary walikaa macho usiku wakimngoja baba. Walijinyima chakula chao ili wamwekee, naye aliporudi amelewa, huenda akakitupa chakula kile motoni. Mara nyingine alimfukuza binti yake nje, naye mtoto akatembea peke yake gizani akilia. Hivyo Mary alijua tangu utotoni mtu mkali aliyelewa ni mtu wa namna gani, na jinsi nyumba nzima inavyotetemeka kwa ajili yake. Elimu hiyo ilikuwa chungu, lakini baadaye ilimfaa.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alianza kazi kiwandani, nusu siku akifanya kazi, na nusu siku akienda shule. Alipotimiza miaka 14 alikuwa mfumaji kamili, akiingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni. Baba yake alipokufa, mshahara wa Mary ndio uliowalisha wengi nyumbani. Huweka kitabu juu ya mtambo wake wa kufumia, akasoma mstari mmoja mmoja uzi ulipokuwa ukipita. David Livingstone naye alikuwa amefanya vivyo hivyo katika ujana wake.

3. Magenge ya Dundee

Katika mitaa ya maskini ya Dundee walikuwako vijana wengi waliokosa kazi na malezi. Walitembea kwa magenge, wakapigana wao kwa wao, wakawatisha wapita njia. Misheni ilifungua chumba kimoja katika mtaa wa namna hiyo, ili vijana wapate kufundishwa jioni, naye Mary akajitolea kufundisha. Alikuwa binti mfupi, mwenye nywele nyekundu, na nguo zake zilikuwa za kimaskini kama zao.

Vijana walimrushia matope, wakajaribu kumfukuza. Jioni moja genge moja lilimzunguka njiani. Mkubwa wao alikuwa na kipande cha risasi kilichofungwa katika kamba. Akaanza kukizungusha juu ya kichwa cha Mary, na kila mara akikileta karibu zaidi na uso wake. Mary hakukimbia, wala hakupiga kelele, wala hakufumba macho. Kile kipande kikapita hata kikamgusa kipaji cha uso. Ndipo yule kijana akakiangusha chini, akawaambia wenziwe kwamba msichana huyu ni shujaa. Wakaingia darasani wote pamoja.

Mwingine alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni na mjeledi, akiwalazimisha wenziwe waingie, lakini yeye mwenyewe haingii. Mary akamwuliza kama angekubali wabadilishane mahali. Kijana akajibu kwamba akifanya hivyo mjeledi utaanguka juu ya mgongo wake. Mary akamwambia kwamba yuko tayari kupigwa yeye, ikiwa kwa kupigwa kwake kijana ataingia. Kijana akastaajabu, akautupa mjeledi, akaingia.

Miaka mingi baadaye, katika nyumba ya udongo katikati ya msitu wa Afrika, ilitundikwa ukutani picha ya mtu mzima pamoja na mkewe na watoto wake. Alikuwa ndiye yule kijana wa risasi na kamba. Alikuwa amempelekea Mary picha ile kwa shukrani, kwa kuwa jioni ile ndiyo iliyomgeuza njia.

4. Safari ya Calabar

Livingstone alikufa mwaka 1873, na habari za kifo chake ziliamsha watu wengi katika Uskoti. Mary naye akaomba kwenda Afrika. Tarehe 5 Agosti 1876 alipanda meli iitwayo Ethiopia katika bandari ya Liverpool. Alipokuwa akisimama pale aliona mapipa mengi ya mvinyo yakipakiwa katika meli ile ile, yakipelekwa kuuzwa Afrika. Akahuzunika, kwa maana alijua vema mvinyo ule utafanya nini huko uendako.

Alifika Calabar mwezi wa Septemba. Wenyeji wake, Waefik, walikuwa wafanya biashara hodari, nao waliishi kwa mitumbwi na mito kama vile watu wa Ukerewe na Kome wanavyoishi kwa mitumbwi na ziwa. Mary akajifunza lugha yao hata akaisema kama mzaliwa. Akaacha viatu na kofia, akala chakula cha wenyeji, akakaa katika nyumba kama zao.

Katika nchi ile palikuwa na desturi zilizotokana na hofu. Mwanamke akizaa mapacha, watu walidhani mmoja ni mtoto wa pepo. Na kwa kuwa hawakujua ni yupi, waliwaua wote wawili, na mama yao akafukuzwa msituni. Mary akawaokota watoto hao, akawalea nyumbani mwake. Mmoja wao, Janie, aliyekuwa pacha, akawa binti yake na msaidizi wake kwa maisha yake yote.

5. Okoyong

Ndani ya nchi, mbali na pwani, waliishi watu wa Okoyong. Hao waliogopwa na jirani zao wote. Hawakumwamini mtu, wala hawakufanya biashara nyingi na wengine. Mali yao waliitumia kununua bunduki na mvinyo. Wanaume walitembea na silaha mchana na usiku, na pombe ilipoingia, vijana wa kijiji kimoja waliwavizia vijana wa kijiji kingine njiani. Watu wa Unyamwezi na Usukuma walipata kuyajua mambo ya namna hiyo siku za rugaruga wa Mirambo, wakati kila kijiji kilipojifunga ndani ya boma kwa ajili ya hofu.

Rafiki za Mary walimwonya asiende. Walisema nchi ile yahitaji jeshi, wala si mwanamke. Lakini mwezi wa Agosti 1888 alikwenda, akiwa pamoja na watoto aliowalea, akakaa katika kijiji cha Ekenge, kwa jumbe aitwaye Edem.

Mary aliona upesi kwamba vita vya Okoyong havikuwa na mzizi mmoja. Mzizi wa kwanza ulikuwa pombe, na wa pili ulikuwa hofu ya uchawi. Tena palikuwa na uvivu, kwa maana mtu asiye na kazi ya kufanya hutafuta ugomvi. Kwa hiyo hakutosheka na kuwaonya watu. Aliwashauri wafanye biashara ya mawese na viazi vikuu, akawaita wafanya biashara wa pwani waje, akawapatanisha majumbe wa Okoyong na Mfalme Eyo wa Creek Town, ambaye alikuwa mkristo na mtu wa amani.

Siku ya safari ya kwanza kwenda kwa Mfalme Eyo, Mary alitoa sharti kwamba silaha zote ziachwe nyumbani. Majumbe wakakasirika. Walisema mtu akisafiri bila silaha ni kama mwanamke. Mwisho wakakubali. Lakini mtumbwi ulipokuwa tayari kuondoka, Mary akaona chuma kikimetameta chini ya mizigo. Akainama, akazivuta panga zilizofichwa, akazitupa pwani moja moja. Wakaenda bila silaha. Nao wakapokewa kwa heshima, wakauza mali yao, wakarudi na faida. Toka siku ile walianza kuona kwamba jirani aliye hai anafaa kuliko jirani aliyeuawa.

6. Chupa ya Ma Eme

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Mary alifanya kazi hii peke yake. Jumbe Edem alikuwa na dada yake, mjane, jina lake Ma Eme. Mama huyu alikuwa mtu mzima mwenye heshima, naye aliyajua mabaya ya nchi kwa kuyaonja. Mumewe alipokufa, yeye na wajane wenziwe walijaribiwa kwa kiapo cha uchawi, akaponea chupuchupu. Hakupenda damu imwagike tena. Lakini angejulikana kwamba anatoa siri za kaka yake, angeuawa.

Basi wanawake hawa wawili wakafanya mapatano. Kila mara Ma Eme aliposikia kwamba shauri baya linafanywa, alimtuma mtu kwa Mary na chupa tupu, kuomba dawa. Aliyeichukua hakujua maana yake. Mary alipoiona chupa ile alifahamu kwamba hatari iko karibu, asilale, akae tayari. Alipofika ghafula mahali pa ugomvi, watu walistaajabu, wakadhani ana akili za ajabu za kujua mambo ya siri. Kumbe palikuwa na mama mmoja tu wa Kiafrika aliyenyamaza kimya, akaiokoa nchi yake kwa chupa tupu. Siri yao haikujulikana kwa muda wa miaka mingi.

7. Mvinyo uliofunikwa kwa nguo

Wakati mmoja Mary alikuwa mgonjwa, naye alikuwa akijitengeneza kurudi kwao kupumzika. Habari ikaja kwamba kijana mlevi amemjeruhi jumbe wa kijiji cha mbali, na vijiji viwili vinajitayarisha kupigana. Watu wakamsihi asiende, kwa kuwa njia ni ya msitu na usiku umeingia. Akaenda. Njiani aliomba kwa jumbe mmoja apewe mtu wa kumtangulia na ngoma, ili wapiganaji wajue kwamba ajaye si adui. Jumbe yule akamdharau, akasema mwanamke hawezi kuzuia vita. Mary akajibu kwamba yeye anaangalia nguvu za mwanamke tu, na amemsahau Mungu wa mwanamke huyo.

Alipofika aliwakuta wanaume wamejipanga tayari. Akapita katikati ya majeshi mawili, akawaamkia, akawaambia waweke adabu. Wote walikuwa kimya. Kisha mzee mmoja akatoka safuni, akapiga magoti mbele yake. Zamani Mary alikuwa amemwuguza mzee huyu katika ugonjwa mkubwa, naye hakusahau. Akakiri kwamba kosa ni la kijana mlevi mmoja, na si haki nchi nzima iangamie kwa ajili yake. Akamwomba Mary afanye suluhu.

Mary akaketi. Akawaita wazee wa pande mbili, akasikiliza maneno yao yote. Desturi yake ilikuwa kuchukua sindano zake ndefu za kufumia na uzi, akafuma huku akisikiliza, saa baada ya saa, bila haraka. Alikuwa amejifunza kwamba hasira ni kama moto wa nyasi, na mtu akipewa nafasi ya kusema yote yaliyo moyoni mwake, moto hupungua. Mwisho wakapatana kwamba kijiji cha mkosaji kilipe faini.

Lakini faini ililetwa kwa desturi ya nchi, nayo ilikuwa ni chupa nyingi za mvinyo. Mary akaona hatari mpya. Wakinywa pale pale, vita iliyozimwa itawaka tena kabla ya jua kuchwa. Ndipo akakumbuka sheria moja ya wenyeji, ya kwamba kitu kilichofunikwa kwa nguo ya mtu kiko chini ya ulinzi wa mtu huyo, wala hakuna ruhusa kukigusa. Akavua baadhi ya nguo zake upesi, akazitandaza juu ya chupa. Wapiganaji wakasimama wakitazama. Akawapa wazee kidogo kidogo waonje, ili wajue kwamba hapana hila, akaahidi kwamba kila kijiji kitapelekewa sehemu yake, wakienda kwao kwa amani. Wakatawanyika. Akarudi usiku ule ule kwa miguu, mgonjwa na mchovu, lakini hakuna mjane mpya aliyelia katika nchi ile.

8. Kifo cha Etim

Jaribu kubwa kuliko yote lilikuja katika nyumba ya Edem mwenyewe. Mwanawe, Etim, alikuwa karibu kuoa, naye alikuwa akijenga nyumba. Gogo likamwangukia, likamvunja. Mary alimwuguza siku nyingi, lakini kijana akafa. Katika nchi ile hapakuwa na kifo cha bahati mbaya. Kila kifo kilikuwa na mchawi wake. Mganga akakitaja kijiji kimoja, na watu wapatao kumi na wawili wakakamatwa, wakafungwa minyororo. Maharagwe ya esere yakatwangwa juu ya jiwe, wapate kunyweshwa mwavi. Asiye na hatia, walisema, atatapika. Mwenye hatia atakufa.

Mary alifahamu kwamba hasira ya baba ilichanganyika na huzuni. Basi kwanza akamheshimu marehemu. Akamvika nguo nzuri za hariri, akampamba kichwa, akampa mwavuli na fimbo ya kijumbe, akaweka kioo mbele yake. Watu walipoona heshima ile walifurahi. Kisha akaketi karibu na wafungwa, akalinda mchana na usiku, asikubali mmoja achukuliwe. Alizomewa na kutishwa. Siku zikapita, na wafungwa wakafunguliwa mmoja mmoja, mpaka mwisho Etim akazikwa, na badala ya mtu, ng'ombe akachinjwa. Wazee walisema kwamba haijapata kutokea jumbe kuzikwa Okoyong bila damu ya watu.

Habari hii haihusu Okoyong peke yake. Katika nchi za Usukuma, hata katika miaka ya baada ya uhuru, vikongwe wengi waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, na hatia yao mara nyingi ilikuwa macho mekundu tu; nayo macho yale yaliharibiwa na moshi wa miaka mingi, wa kuni na samadi ya kupikia watoto wao.

9. Baraza, na mwisho wa safari

Mwaka 1892 serikali ya Kiingereza ilimfanya Mary kuwa naibu wa balozi mdogo katika Okoyong, na baadaye, mwaka 1905, alipewa madaraka katika baraza la hukumu la Ikot Obong. Hapakuwa na mwanamke aliyepata kazi ya namna hiyo kabla yake katika milki ya Kiingereza. Wanawake walikuja kwake toka mbali, kwa kuwa walijua atawasikiliza.

Alikufa tarehe 13 Januari 1915 katika kijiji cha Use, akiwa na umri wa miaka 66, akazungukwa na watoto aliowalea. Wenyeji walimlilia kwa jina walilompa, yaani mama wa watu wote. Baadaye sura yake ilichapwa juu ya noti ya paundi 10 ya benki moja ya Uskoti. Na yule aliyekuwa mtoto wa mlevi, aliyelia gizani Jumamosi usiku, akawa katika mikono ya watu wote wa nchi yake.

Kazi aliyoifanya haikuisha pamoja naye. Katika miaka ya 1990, katika mji wa Wajir, kaskazini ya Kenya, koo za Wasomali zilipokuwa zikiuana, wanawake wa sokoni walipatana kwamba mwanamke wa ukoo wo wote atauza na kununua bila kuguswa; nao wakawaendea wazee na vijana mpaka amani ikapatikana. Kati yao alikuwamo Dekha Ibrahim Abdi, aliyekufa mwaka 2011. Wao hawakuwa na bunduki, kama vile Mary na Ma Eme hawakuwa na bunduki. Walikuwa na macho ya kuona ugomvi ungali mdogo, na miguu ya kufika kabla ya silaha, na uvumilivu wa kuketi mpaka mkali apoe. Penye wazee wengi haliharibiki neno, na hata katika vijiji vya Nyanza, mama asiyejulikana na mtu aweza kuwa ndiye aliyeituma chupa tupu.

Maswali

1. Mary Slessor alijifunza nini nyumbani kwao kilichomfaa katika Okoyong?
2. Kwa sababu gani kijana wa Dundee aliangusha kipande cha risasi?
3. Eleza mizizi mitatu ya vita vya Okoyong.
4. Chupa tupu ya Ma Eme ilikuwa na maana gani? Nani alikuwa katika hatari kubwa zaidi, Ma Eme au Mary? Toa sababu.
5. Mary alitumia sheria gani ya wenyeji ili kuzuia mvinyo usinywewe?
6. Andika habari ya mtu wa kijijini kwenu, mwanamume au mwanamke, aliyepatanisha watu waliogombana. Alifanyaje?